Maji ya Bustani Yafike Wapi?

Wakati wa kiangazi, ambacho katika nyanda kavu kama za Dodoma huanza takriban mwezi wa Mei na kuendelea hadi Novemba, bustani ya mboga hutegemea maji ya kubebwa. Mara nyingi wabebaji ni akina mama na watoto. Kwa hiyo namna ya kumwagilia si jambo dogo: kila debe linalopotea ni safari ya kisimani iliyofanywa bure.

Desturi ya wengi ni kunyunyiza maji kidogo kila siku, mpaka udongo ubadilike rangi. Hebu tuipime desturi hii kwa hesabu. Lita 1 ya maji ikienezwa juu ya mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Tuta lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1, likipewa debe moja la lita 20, hupata milimita 5. Tukichukulia kwamba udongo mkavu hushika maji kiasi cha moja ya tano ya ujazo wake, maji hayo yatalowesha sentimita 2.5 tu. Tabaka hilo la juu ndilo linalopigwa na jua na upepo, na maji mengi huvukizwa kabla ya kufyonzwa. Tena mizizi hustawi palipo na unyevu. Isipoupata chini, husongamana juu, na mmea hudhoofika mara maji yakichelewa.

Yafaa basi madebe 3 yamwagwe kwa pamoja kila siku ya tatu, polepole, asubuhi au jioni, na udongo ufunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu. Maji ni yale yale, lakini huzama zaidi. Hata hivyo, kanuni hii ina mipaka. Miche michanga huhitaji maji kidogo kidogo mara kwa mara. Na udongo wa kichanga, usioshika maji mengi, humwagiliwa mara nyingi kuliko wa mfinyanzi.

Je, tutajuaje kwamba mmea una kiu? Kunyauka saa nane mchana si ushahidi wa kutosha, kwani wakati huo majani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Jioni husimama tena. Yakiwa bado yamelegea alfajiri, na udongo wa chini ni mkavu, hapo kiu ni ya kweli. Lakini udongo ukiwa umejaa maji, tusiongeze: mizizi iliyokosa oksijeni haiwezi kufyonza vizuri, na mmea hunyauka ukiwa majini.

Wanafunzi wanaweza kulihakiki jambo hili wenyewe. Wachukue matuta mawili yaliyo sawa, moja lipate debe 1 kila siku, la pili madebe 3 kila siku ya tatu. Nusu saa baada ya kumwagilia, wachimbe kishimo pembeni na kupima kwa rula kina cha udongo uliolowa. Jicho huona uso wa udongo tu. Mmea hunywa chini yake.