Yungiyungi si Gugumaji
Katika maji baridi yaliyotulia ya bonde la Rufiji, kabla ya kufikia mikoko ya delta, humea yungiyungi, ua lipandwalo pia bustanini. Aina zake mbili hutambulika kwa urahisi: la samawati (Nymphaea nouchali) huchanua mchana, jeupe (Nymphaea lotus), lenye majani yenye meno kingoni, hufunguka jioni. Yote mawili hujikita matopeni. Gugumaji (Eichhornia crassipes), lenye asili ya Amerika ya Kusini, huelea kwa vikonyo vilivyojaa hewa. Nalo lilienezwa kama pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likavamia Ziwa Victoria. Basi mwanafunzi auvute mmea kwanza: ukielea na mizizi yake, usipandwe kidimbwini mwa shule.