Kapteni aliyeficha ukweli

Wapenzi wa Star Trek, hadithi ya Marekani iliyoanza kwenye televisheni mwaka 1966, wangali wanabishana juu ya filamu zilizoianza upya mwaka 2009. Wengine wanalalamika kwamba wafanyakazi wa chombo kile cha anga hawajui adabu ya kazi. Kirk anapewa ukapteni akiwa bado mwanafunzi, tena mwenye kesi ya udanganyifu wa mtihani! Katika filamu ya 2013, Uhura anagombana na mpenzi wake Spock wakiwa njiani kwenda kwenye hatari, na mkubwa wao yupo hapo. Wanaowatetea wanajibu: ni vijana, wanajifunza.

Ugomvi huo sisi tungeusamehe. Lakini tuangalie ripoti. Kirk anavunja sheria ili kumtoa Spock ndani ya volkano, kisha anaandika kwamba safari ilikuwa ya kawaida tu. Spock, yeye aliyeokolewa, anaandika mambo yote jinsi yalivyokuwa. Kirk ananyang'anywa chombo, anamkasirikia rafiki yake: nimekuokoa, nawe umenishitaki? Spock anamjibu kwamba alidhani kapteni wake naye ameandika ukweli.