Waipa Hufa Kiangazi

Mvua ya kwanza ya masika ikishuka, wenye magari hukimbilia maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo kuulizia waipa. Wamechelewa. Waipa zao hazikufa siku ile. Zilikufa Januari na Februari, gari likiwa limeegeshwa juani kutwa, wala hakuna aliyeziangalia kwa kuwa hazikuwa na kazi.

Kinachokufa ni mpira. Inua mkono wa waipa, pitisha kidole kwenye ukingo unaogusa kioo. Utakuta ulimi mwembamba, usiofika unene wa milimita moja. Huo ndio unaofuta maji. Waipa ikienda kulia, ulimi hulala kushoto. Ikirudi, nao hupinduka. Jua likishaukausha, hukakamaa umelala upande mmoja. Ndiyo maana waipa kuukuu husafisha inapokwenda, ikachora mistari inaporudi.

Kabla ya kununua, osha kioo kwa sabuni ya vyombo, maana moshi wa dizeli na vumbi la mjini huacha utando wa mafuta. Mpira nao ufute kwa kitambaa chenye maji. Usiupake petroli wala mafuta ya taa. Utavimba na kulegea. Mistari ikibaki, badilisha.

Dukani utaulizwa, "Boss, gari gani?" Ukitaja jina la gari tu, unabahatisha. Gari la miaka 20 limepita kwa mafundi wengi, na huenda waipa ulizonazo si za saizi yake. Pima kwa futi kabla hujatoka nyumbani. Waipa huuzwa kwa inchi: sentimita 45 ni kama inchi 18, sentimita 50 ni kama 20. Pima zote mbili, kwani ya upande wa dereva mara nyingi ndiyo ndefu.

Ile iliyoning'inizwa juani mbele ya duka imeshaanza kuzeeka. Omba iliyo ndani ya pakiti, upinde ulimi kwa kidole. Ukirudi upesi, ni mzima. Kama fremu yako ya chuma bado imara, uliza mpira peke yake. Magari mengi ya zamani ya Kijapani hukubali mpira kuchomolewa na kuingizwa mwingine. Usitupe vile vibati viwili vyembamba vya pembeni, maana ndivyo vinavyoulaza mpira sawasawa kwenye kioo.

Kufunga ni kazi ya dakika chache. Zima gari, inua mkono, tandika taulo nene juu ya kioo. Mkono usio na waipa ni chuma kitupu chenye springi, na ukiponyoka unaweza kukipasua kioo. Kwenye magari mengi ya zamani, mkono huishia kwa ndoano. Igeuze waipa ikae kama msalaba, bonyeza kibanio cha plastiki katikati, kisha isukume kuelekea boneti mpaka itoke kwenye ndoano. Mpya ivute kwenda juu hadi usikie "ta!"

Mwaga maji kabla ya kujaribu. Kioo kikavu huula mpira mpya. Waipa ikiruka sehemu ya kioo bila kuifuta, huenda springi imechoka. Ikitetemeka, huenda mkono umepinda. Mota ikilia na mkono ukabaki palepale, tazama nati ya shinani: ikilegea, meno huteleza. Hayo mpira hautayatibu, mwite fundi.

Ifanye kazi hii mwishoni mwa Februari, na Septemba uupitishie ulimi kidole tena kabla ya vuli. Siku kavu muuzaji ana nafasi ya kukutolea pakiti tatu uchague. Mvua ikishaanza, utachukua iliyobaki, na utaifunga umelowa.