Mume na Mke Safarini: Kuwazuru Ndugu kwa Mfuko Mdogo

Alfajiri mjini Butembo magari hujaa watu na mizigo, tayari kwenda Beni na kuendelea mpaka Kasindi. Wengi wa abiria ni wafanya biashara, na sifa ya wafanya biashara wa Butembo imefika mbali, hata Dubai na Guangzhou wanajulikana. Lakini katikati yao huketi mara nyingi wasafiri wa namna nyingine: mzee na mkewe, na kapu la viazi magotini. Hawaendi kuuza wala kununua. Wanakwenda kuwaona watoto, ndugu na rafiki zao wakaao nchi za nje.

Huko watakaa mwezi mmoja, pengine mitatu. Hawatalala hotelini hata usiku mmoja. Watalala kwa binti yao Kasese, kisha kwa mdogo wake mume Kampala, na nauli ikitosha, watafika Nairobi kwa mtoto wa kaka. Yafaa tuzitazame vizuri safari za namna hii, maana hujenga jamaa, na zikifanywa vibaya huibomoa.

Kwa nini ndugu wako mbali

Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda ni watu wa asili moja, na lugha zao zasikilizana. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka yao, na mpaka ukapita katikati ya watu hao. Basi tangu zamani mtu wa Beni aliweza kuwa na shangazi Kongo na mjomba Uganda.

Baadaye biashara iliwavuta wengine, na masomo wengine. Kisha zikaja taabu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya vijijini upande wa Beni yamewafukuza watu wengi sana makwao. Wengine walivuka mpaka, wakapewa mahali pa kukaa katika makambi kama Kyaka II na Rwamwanja. Kwa hiyo wazee wetu, wakitoka kuwazuru jamaa zao, huweza kumkuta mmoja ana duka na gari, na mwingine ana kibanda na shamba dogo la mkimbizi. Wote wawili ni ndugu. Safari isiyomfikia yule wa pili haijatimia.

Shauri la nyumbani kwanza

Safari ya watu wawili yaanza katika mashauri ya wawili. Haifai mume apange yote moyoni mwake, na mke aambiwe usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Waketi pamoja na daftari. Waandike nauli ya kwenda, gharama ya hati, zawadi, na akiba ya ugonjwa. Nauli ya kurudi iandikwe ya kwanza, tena ifungwe peke yake, wala isiguswe kwa sababu yo yote. Mgeni asiye na nauli ya kurudi si mgeni tena, amekuwa mzigo, na mwenyeji hana njia ya kumwambia.

Kadhalika wachague majira. Nchi yetu ina mvua mara mbili kwa mwaka. Wakiondoka wakati wa kupanda, wataokoa nauli ndogo na kupoteza mavuno ya miezi mingi. Ni nani atakayelinda nyumba? Nani atampikia bibi mzee asiyeweza kutembea? Maswali haya yajibiwe kabla ya kufunga kapu.

Wazee wengi huondoka mwezi wa Mei ili wafike Namugongo, karibu na Kampala, siku ya 3 Juni. Ndiyo sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, ambao 22 kati yao, Wakatoliki, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Mahujaji huja kutoka nchi nyingi, na wako wanaotembea kwa miguu siku nyingi. Mume na mke waliopanga kuonana na ndugu pamoja na hija hutumia nauli moja kwa makusudi mawili.

Njiani na mpakani

Toka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, na toka Beni mpaka Kasindi ni kilomita 80 hivi. Mwezi wa Juni 2021 Marais wa Kongo na wa Uganda walizindua kazi ya kuzitengeneza njia hizi. Lakini barabara nzuri si amani. Magari yamepata kushambuliwa katika njia ya Kasindi, na ng'ambo ya mpaka, huko Mpondwe, mwezi wa Juni 2023 watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la shule. Kwa hiyo asiondoke mtu bila kuuliza habari za njia kwa madereva na kwa wakubwa wa mahali. Asisafiri jioni kwa kuwa nauli ya jioni ni nafuu.

Kila mmoja awe na hati yake mwenyewe mkononi, na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Mume akizishika zote mbili, kisha wakatengana katika msongamano, mke atabaki mpakani kama mtu asiye na jina. Ada za kuvuka hubadilika, basi ziulizwe katika ofisi ya uhamiaji, wala si kwa vijana wanaopita wakijitolea kusaidia.

Fedha zao zigawanywe sehemu mbili, kwa sababu kinachoibwa kwa mmoja kitabaki kwa mwingine. Dola zisiwe zimechanika hata kidogo, maana kwetu noti yenye tundu dogo hukataliwa. Shilingi za Uganda zihesabiwe mara mbili kabla ya kuondoka mbele ya mbadilishaji.

Yako mambo mawili yanayowashangaza wasafiri wa mara ya kwanza. La kwanza ni saa. Saa mbili ya asubuhi Kasindi ni saa tatu Mpondwe. Asiyebadili saa yake ataachwa na basi, na tiketi yake imepotea bure. La pili ni magari. Kongo magari hupita upande wa kuume, Uganda upande wa kushoto. Mzee aliyezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara, sasa hatari yamjia kutoka kulia. Wazee washikane mikono, watazame pande zote mbili, wala wasione haya.

Mgonjwa asisafiri

Hapa twasema neno zito. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa ugonjwa wa Ebola upande wa Beni. Ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Katikati ya mlipuko huo, mwezi wa Juni 2019, jamaa moja ilikuja Kongo kumuuguza mzee wao. Mzee alikufa, wakamzika, wakarudi Uganda kwao. Mtoto wao wa miaka mitano akafa katika hospitali ya Bwera, na baada yake nyanya yake na mdogo wake. Hao ndio walikuwa wagonjwa wa kwanza wa mlipuko ule kuonekana Uganda.

Nani atawalaumu? Walikwenda kwa upendo. Lakini upendo wahitaji akili pia. Mwenye homa abaki nyumbani, ijapokuwa nauli imelipwa. Mnapoambiwa nawa mikono, naweni. Mnapoambiwa ngojeni, ngojeni. Zawadi haina faida ikiwa inafika pamoja na kifo.

Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yapasa kushikwa na mgeni kuliko mwenyeji.

Tufanye hesabu ndogo. Watu wawili wakila mara tatu kwa siku, kwa siku 30, ni sahani 180. Mashambani sahani hizo hutoka shambani. Lakini Kampala ndizi hununuliwa, makaa hununuliwa, na mahali pengi maji hununuliwa kwa bido. Chumba ni kimoja au viwili, na mwenyeji huamka kabla ya jua kwenda kazini. Basi tusijidanganye: safari yetu ni ya gharama ndogo kwa sababu mtu mwingine anailipa. Jambo hili si dhambi, ndiyo desturi ya jamaa tangu zamani. Lakini ni deni, na mtu mwenye heshima hulipa deni lake.

Hulipwaje? Kwanza, mtaje siku zenu kabla ya kufika, na siku ikifika mwondoke, hata mkisihiwa. Heri mwenyeji aseme, “Mmeondoka upesi,” kuliko kuhesabu siku kimoyomoyo. Pili, mfike na chakula: maharagwe, viazi vya Lubero, vitunguu, kahawa. Tatu, mama mgeni amwite mama wa nyumba faragha siku ya kwanza, ampe fedha kidogo za sokoni, pasipo watu kuona. Nne, mfanye kazi. Kazi hiyo si ya mke peke yake. Mzee aweza kuwapeleka watoto shule, kutengeneza kiti kilichovunjika, na jioni kuwafundisha wajukuu lugha ya babu zao, ambayo mjini wameanza kuisahau.

Tena, mkumbuke adabu ya ukwe. Mahali penye chumba kimoja, mama mkwe na mkwe wake watapata shida kubwa ya kulala. Mwombeni mwenyeji awatafutie mahali kwa jirani au kwa rafiki wa parokia. Msingoje mpaka yeye aone haya ya kusema. Na mkienda kwa ndugu aliye kambini, mpeleke zaidi na mkae kidogo.

Mliyoyaona huko

Kuna jambo moja gumu kuliko yote. Kijana aliyehama hutuma picha nyumbani. Katika picha amesimama karibu na gari, amevaa vizuri, anacheka. Wazazi wanafika, wanakuta gari ni la mwingine, na mwana wao analala chini ili wao wapate kitanda. Ndipo safari yote yapimwa hapo. Mzazi asiye na hekima atauliza, “Miaka yote hii ulifanya nini?” Neno hilo laweza kumfanya kijana asionekane tena kwa miaka kumi. Mzazi mwema ataona, atanyamaza, atakula alichopewa, na usiku atamwambia mwanawe kwamba hakuja kuona gari.

Nao wakirudi Butembo, majirani watauliza: “Je, amekuwa tajiri?” Mume na mke wapatane jibu lao tangu njiani, lisiwe la uwongo wala la kumwaibisha mtu: “Tumemkuta mzima, anafanya kazi, anawasalimu.” Yatosha.

Faida ya safari hizi haionekani katika daftari. Mtoto aliyezaliwa Kampala sasa ajua sura ya babu yake. Ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya shamba wamekula sahani moja. Na mume na mke, ambao nyumbani huzungumza habari za mifugo na ada za shule tu, wamepata siku nyingi za kuketi bega kwa bega.

Linabaki deni moja la mwisho. Wale waliotupokea watakuja nao, pengine wakati wa likizo, na watoto wao watano. Basi tangu leo maharagwe yawekwe ghalani.