cat (amri ya kompyuta)

cat ni amri ya kompyuta inayoonyesha kwenye terminali maandishi yaliyomo katika faili. Inapatikana katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, kama vile Linux na macOS. Jina limefupishwa kutoka neno la Kiingereza *concatenate*, yaani kuunganisha, kwa sababu amri hiyo inaweza kutoa mafaili kadhaa kwa mfululizo. Ilikuwemo tayari katika toleo la kwanza la Unix, lililotolewa na Bell Labs nchini Marekani mwaka 1971.

Matumizi

Kwa mfano, mtu aliyeandika bei za ndizi za soko la Kwa Sadala (mkoa wa Kilimanjaro) katika faili liitwalo bei.txt anaweza kulisoma hivi:

`cat bei.txt`

Maandishi yote hutokea mara moja, na faili lenyewe halibadiliki. Faili likiwa refu, mistari ya mwanzo hupita haraka na ile ya mwisho tu hubaki kwenye skrini. Hapo ni afadhali kutumia `less bei.txt`, inayoonyesha ukurasa mmoja mmoja. Kitufe cha q huifunga. Amri ya `head` huonyesha mistari 10 ya kwanza, na `tail` 10 ya mwisho.

Tahadhari

Alama ya > hupeleka maandishi kwenye faili badala ya skrini. Kwa kawaida `cat mpya.txt > bei.txt` hufuta yote yaliyokuwemo katika bei.txt bila kuonya. Ili kuongeza mwishoni bila kufuta, hutumiwa >>.