Muvi Kali, Kwa Nini?

"Ile muvi vipi?" Swali hili huulizwa kazini, kwenye daladala, barazani na mezani wakati wa chakula, na jibu lake mara nyingi halizidi maneno mawili matatu: kali, ya kawaida, usipoteze muda wako. Muulizaji huitikia kwa kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye mpira au bei ya sukari. Ni maoni ya kupita tu, na wengi huyaona hayana uzito kwa kuwa anayeyatoa hakusomea filamu wala haandikii gazeti. Nionavyo mimi, uzito yanao, tena mkubwa, pengine kuliko wa wataalamu. Upungufu wake ni kwamba tumezoea kutoa hukumu na kuimeza sababu. Mtu akiniambia "kali" amenipa habari zake yeye mwenyewe. Akinieleza ni wapi alisahau kupepesa macho, na wapi alianza kuchungulia simu, hapo ndipo ananipa habari za filamu.

Uzito huo unaonekana vizuri katika Sholay, picha la Kihindi ambalo watu wa rika fulani Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa. Lilitoka tarehe 15 Agosti 1975, mwongozaji wake akiwa Ramesh Sippy na waandishi wake Salim Khan na Javed Akhtar. Wahakiki wa magazeti ya India walilipokea kwa ubaridi, wengine kwa kejeli, na siku za mwanzo wafanyabiashara wa filamu wakaanza kulihesabia hasara. Watengenezaji waliingiwa na hofu hadi wakafikiria kupiga upya sehemu ya mwisho ili Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, asife. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: kila mtoto wa uswahilini anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba steringi hafi. Hata hivyo mwisho uliachwa kama ulivyo. Baadaye waliokwisha kulitazama wakawasimulia wenzao, wenzao wakaenda, nao wakasimulia, na ukumbi wa Minerva wa Bombay ukaendelea kulionyesha kwa zaidi ya miaka mitano.

Picha haiwezi kudumu ukumbini miaka mitano kwa neno "nzuri" peke yake. Watu walitoka na vitu vya kusimulia: namna Gabbar Singh, yule jambazi aliyeigizwa na Amjad Khan, anavyotembea huku akiuliza maswali yasiyo na jibu salama, urafiki wa Jai na mwenzake Veeru, ukimya wa mjane anayewasha na kuzima taa barazani. Watazamaji waliyakariri mazungumzo ya filamu hiyo kiasi kwamba kampuni ya Polydor ilitoa santuri ya mazungumzo yenyewe, nayo ikauzwa sana. Kwa upande wao wahakiki, mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba filamu ya makauboi wa Marekani imechukuliwa ikapandikizwa katika kijiji cha India. Hukumu yao imekufa zamani, lakini sababu waliyoitoa iko hai. Mpaka leo anayeipenda Sholay anaweza kukaa kitako na kujadili imeazima nini kutoka kwa makauboi na imekibadilishaje. Sababu iliyotajwa vizuri huwafaa hata wasiokubaliana na anayeitaja.

Pwani yetu ina mfano wake, wa zamani zaidi. Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ilipendwa sana Zanzibar. Ndani yake kuna hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mwanawe mwenyewe anayekulia mikononi mwa jambazi kwa sababu ya imani hiyo hiyo. Mwanahistoria Laura Fair, aliyechunguza kwa miaka mingi maisha ya watazamaji wa sinema Tanzania na kuchapisha kitabu chake mwaka 2018, anaonyesha kwamba filamu za Kihindi za miaka ya 1950 na 1960 ziliwapa Wazanzibari nafasi ya kuzungumzia mapenzi na ndoa: je, kijana achaguliwe mchumba au ajichagulie? Suala kama hilo si rahisi kulianzisha mbele ya wazazi au wakwe. Lakini ukiwazungumzia Nargis na Raj Kapoor, wale wapenzi wa kwenye filamu, unasema yako kwa jina la mtu mwingine, na hakuna wa kukuuliza adabu yako iko wapi. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani pale ambapo kila mmoja anaishia kutoa alama.

Alama, hata hivyo, ndizo zilizotawala sasa. Asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hutajwa kama matokeo ya mtihani, ilhali hesabu yake inapima kitu kingine. Asilimia ile ya wahakiki ni idadi ya walioipitisha filamu, haielezi waliipenda kiasi gani. Chukua filamu ambayo wahakiki 10 kati ya 10 wamesema inatosha kupitishia muda: inapata 100. Nyingine imewafanya 7 walie na 3 wakasirike: inapata 70. Anayechagua kwa namba ataiacha ile iliyowatikisa watu na kwenda kwenye ile isiyomuudhi yeyote. Wala simlaumu aliyebuni hesabu hiyo, kwa kuwa inajibu swali lake sawasawa. Tatizo ni sisi kuitumia kujibu swali jingine, kisha na sisi tukaanza kuzungumza kama ile namba: naipa saba, naipa tano.

Atatokea wa kusema kwamba kudai sababu ni kuharibu starehe. Mtu amelipa kiingilio au kifurushi chake apumzike, si afanye insha. Pingamizi hili lina haki yake. Lakini sababu haihitaji lugha ya darasani. Watazamaji wa vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, wamekuwa wakisikiliza maoni yenye sababu kwa miaka mingi bila kuyaita uhakiki. Lufufu, msimulizi maarufu wa filamu wa Tanzania, hakuishia kutafsiri maneno ya waigizaji: aliwaeleza watu kwa nini fulani amekasirika, akamcheka adui, akaweka na yake. DJ Afro wa Kenya anafanya kazi ya namna hiyo, na Uganda wamejaa wasimulizi kama hao, wanaosimulia kwa Kiganda. Wapo wanaochagua kanda kwa jina la msimulizi kabla hawajauliza nani kaigiza. Kwa hadhira hiyo, maoni yamekuwa sehemu ya starehe yenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ukieleza sababu utamwaga siri, na asiyetazama atakosa uhondo. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasomaji waliofichuliwa mapema mwisho wa hadithi fupi walizifurahia zaidi, kwa wastani, kuliko wasiofichuliwa. Hadithi ya kusoma si filamu, na majaribio mengine yaliyofuata yameleta majibu tofauti, kwa hiyo nisingelifanya sheria. Sholay nayo inatuambia kitu. Katika ile miaka mitano ya Minerva, wengi waliokuwa wakikata tiketi walikwishajua kwamba Jai anakufa, tena wengine walishamwona akifa kwa macho yao. Bado zipo picha ambazo nguvu yake yote ni siri moja, na huko msimulizi mwenye heshima hufunga mdomo. Hata hapo kuna mengi ya kusema: uigizaji, sauti, mwendo, kama dakika za katikati zinakokota. Muuaji anaweza kubaki salama mafichoni na mazungumzo yakawa matamu.

Linabaki lile linalosemwa kila inapotajwa Bongo Movie: tuwape moyo wasanii wetu, tusiwavunje. Nia ni njema, ila inachanganya hukumu na sababu kama tulivyozichanganya tangu mwanzo. Wakati wa kanda na diski, filamu nyingi za Kitanzania ziliuzwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila kimoja kwa bei yake. Hadithi ya saa moja na nusu ikalazimika kujaza diski mbili. Ndiyo maana watazamaji walichoshwa na magari yanayosubiri geti lifunguliwe, yanaingia, yanaegeshwa, mlango unafunguliwa, mtu anashuka taratibu. Anayesema "Bongo Movie mbovu" amemtukana mtengenezaji bila kumpa kitu cha kurekebisha. Anayesema lile geti limekula dakika nzima amegusa mkato wa picha, na nyuma yake biashara iliyolazimisha urefu huo. Kauli ya pili ni kali kuliko ya kwanza, na bado ndiyo yenye msaada.

Ukali wa namna hiyo huhitaji pia mtu aseme alikuja na nini ukumbini. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, imetoka katika riwaya ya Adam Shafi. Aliyesoma kitabu anaingia akiwa na wahusika wake, Yasmin na Denge, kichwani, na kila kilichoachwa kwenye filamu kwake ni upungufu. Asiyekisoma anakutana na Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa mara ya kwanza, na huenda akapotelea mahali ambapo mwenzake hakupata shida yoyote. Wawili hawa wanaweza kubishana usiku kucha bila kufika popote, mmoja akitetea kitabu na mwingine akitetea picha, mpaka mmoja wao akumbuke kuuliza: wewe uliisoma?