Betri Ina Kosa Gani?

Gari kuukuu lakataa kuwaka asubuhi, ilhali taa zake zang'aa. Wengi huilaumu betri, wakanunua nyingine bure. Tukumbuke Kanuni ya Ohm. Tuseme kutu iliyo baina ya betri na waya wake ina ukinzani wa omu 0.02. Taa zitumiazo ampea 5 hupoteza hapo volti 0.1 tu, lakini stata ikihitaji ampea 150, volti 3 kati ya 12 zitapotea njiani, na injini haitazunguka ipasavyo. Basi, gia ikiwa huru, mwenzako awashe, nawe upime kwa voltimita kati ya nguzo ya betri na kibano cha waya. Sindano ikipita nusu volti, kiungo hicho ni kibovu: kisafishe, ukikaze, ujaribu tena.